Kuchuma pilipili manga kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Muheza

Ukurasa huu unahusu uchumaji wa pilipili manga katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga: Amani, Misalai, Zirai na vijiji vya jirani. Unaeleza ngazi, vikapu, namna mkono unavyochuma, na siku chache za mwanzo baada ya kuchuma. Pilipili nyingi inaharibikia hapo, kabla haijaiona mizani ya mnunuzi. Ikichumwa changa, hakuna jua wala mashine itakayoirudishia uzito.

Nitajuaje kwamba shuke limekomaa?

Shuke ni kile kishada kirefu cha punje. Tafuta punje moja au mbili zilizogeuka njano au nyekundu kwenye shuke. Ukiziona, shuke zima limefika, hata kama punje nyingine zote bado ni kijani. Usisubiri shuke lote liwe jekundu kama unataka pilipili nyeusi, maana punje zilizoiva sana zinadondoka, zinaliwa na ndege, na ganda lake likikauka linabanduka.

Pale ambapo hujaona punje ya njano, chuma moja ya kijani na uikate kwa kucha. Changa ina utomvu wa majimaji ndani na kokwa laini. Iliyokomaa ina kokwa gumu, jeupe, na kucha haizami. Jaribu punje za chini, za katikati na za juu ya mmea, kwa sababu mashuke yanayopata jua la juu hutangulia.

Tunachuma mapema kwa kuogopa wezi. Hasara yake ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu haionekani shambani. Inaonekana kwenye jamvi siku ya tano. Punje iliyokomaa ina kokwa lililojaa, kwa hiyo ikikauka inabaki nzito. Punje changa ni maji na ganda. Kilo 30 za punje mbichi zilizokomaa zinakupa karibu kilo 10 za pilipili kavu. Kilo 30 za punje changa zinaweza kukupa 7 au chini ya hapo, na hizo 7 ni nyepesi, zimesinyaa, na mnunuzi anayejua kazi yake atazikataa au atazishusha bei. Mkulima anapoteza mara mbili, kwenye uzito na kwenye bei.

Wizi ni tatizo la kweli na hatulipuuzi. Dawa yake lakini si kuwahi kuchuma, maana ukiwahi wewe, jirani naye atawahi, na mwaka unaofuata kijiji kizima kitakuwa kinauza punje za majimaji. Inayosaidia ni majirani wa bonde moja kukubaliana tarehe ya kuanza kuchuma, na kijiji kukubaliana kwamba pilipili mbichi hainunuliwi na mtu yeyote kabla ya tarehe hiyo. Mwizi anahitaji mnunuzi. Asipompata, shuke changa halina faida kwake.

Kuchuma kunaanza mwezi gani?

Hesabu kutoka kwenye maua, usihesabu kutoka kwenye kalenda ya mwaka jana. Kutoka ua hadi shuke kukomaa ni miezi 6 hadi 8, na maua yenyewe hutoka mvua zinapoanza baada ya kipindi cha ukavu. Mpilipili uliotoa maua Aprili, kwenye masika, utafika kati ya Oktoba na Desemba. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu hiyo ni miezi ya vuli, na Amani, inayopata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, haina msimu mrefu wa jua la kuaminika. Andika tarehe ya kuona maua ya kwanza kwenye kila kipande cha shamba. Daftari la shilingi chache litakuonyesha kipande gani kitatangulia.

Ni vifaa gani vya lazima?

Ngazi, kikapu cha kufunga kiunoni au chenye kulabu, jamvi au turubai la kutandika chini, kamba ya katani, na tenga la kubebea hadi nyumbani. Nyumbani unahitaji ungo, chekeche, sufuria kubwa, na kichanja cha kuanikia. Panga halihitajiki kwenye uchumaji. Kisu kidogo kinafaa kwa vikonyo vigumu tu. Mchumaji mzuri hutumia kucha.

Ngazi ya mwanzi inatengenezwaje ili isivunjike?

Chagua mianzi iliyokomaa, ya miaka 3 au zaidi. Mwanzi mchanga ni wa kijani kibichi na ganda lake lina unga mweupe. Uliokomaa umefifia rangi, mara nyingi una madoa ya ukungu mkavu, na ukiugonga unalia kwa sauti kavu. Ukishaukata, uzamishe kwenye kijito au bwawa kwa wiki 2 hadi 3, kisha uukaushe kivulini ukiwa umesimama. Maji yanatoa wanga ulio ndani, na wanga ndio chakula cha dumuzi, mdudu anayetoboa mwanzi. Mwanzi ambao haukulowekwa utaanza kumwaga unga mweupe kwenye viungo ndani ya mwaka, na siku moja utakatika na mtu juu yake.

Kwa ngazi ya miguu miwili, acha nafasi ya sentimita 40 hivi kati ya miguu kwa chini, ipungue hadi 30 kwa juu. Vipandio viwe vya mti mgumu, si mwanzi, na viachane kwa sentimita 30. Tundu la kila kipandio litobolewe karibu kabisa na fundo la mwanzi, juu yake kidogo. Ukitoboa katikati ya mafundo mawili, mwanzi utapasuka kwa urefu siku ya kwanza ya uzito. Funga kila kiungo kwa kamba ya katani iliyolowekwa maji, kwa sababu inapokauka inakaza. Waya unafaa pia, lakini unakula mwanzi pole pole na ukishalegea hauonekani kwa macho.

Chonga miguu ya chini iwe na ncha butu ili izame kwenye udongo wa mteremko. Mashamba yetu ni ya mteremko, na ngazi yenye miguu bapa inateleza kwenye majani makavu.

Nimesikia kuna ngazi ya mwanzi mmoja tu. Inafaa huku?

Ipo, na wachumaji wa pilipili wa jimbo la Kerala, India, wanaitumia tangu zamani. Ni mwanzi mmoja mnene ambao matawi yake ya pembeni yamekatwa na kuachwa vishina vya kukanyagia. Uzuri wake ni kwamba inapenya kati ya matawi bila kuyavunja na mtu mmoja anaibeba begani. Ubaya wake ni kwamba inazunguka. Mtu asiyeizoea atageuka nayo na kujikuta ameshika majani. Kama utaijaribu, funga kichwa chake kwenye shina la mti kwa kamba kabla hujapanda zaidi ya mita 2, na vishina viwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, vikiachwa kwa zamu kushoto na kulia.

Ngazi naiegesha wapi na kwa pembe gani?

Iegeshe kwenye shina au tawi nene la mti wa egemeo, yaani mti ambao mpilipili umeutambaa, iwe ni mfenesi, grivilea au glirisidia. Usiiegeshe kwenye mpilipili wenyewe. Mpilipili umeushika mti kwa mizizi midogo ya kwenye mafundo, na ngazi ikiukandamiza mizizi hiyo inabanduka. Sehemu iliyobanduka haishiki tena, inaning'inia, na upepo wa kwanza unaivunja.

Kwa ngazi inayofika mita 4 juu, miguu ya chini ikae mita 1 kutoka kwenye shina. Ikiwa karibu zaidi utaanguka kinyumenyume, ikiwa mbali zaidi itateleza. Kwenye mteremko panda kutoka upande wa juu wa mlima, si wa bonde. Funga kichwa cha ngazi kwa kamba. Ukiwa juu, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika kila wakati, na usinyooshe mwili kufuata shuke la mbali. Shuka, sogeza ngazi.

Namna bora ya kupunguza hatari ni kutoruhusu mpilipili upande juu kupita kiasi. Pogoa mti wa egemeo na ukomeshe mpilipili kwenye mita 3 hadi 4. Mashuke yaliyo mita 8 juu yanaonekana mengi kutoka chini, lakini mengi yao yanaishia kwa ndege.

Shuke linachumwaje hasa?

Shuke linatoka mkabala na jani, kwenye tawi dogo la pembeni. Shika tawi hilo kwa mkono mmoja ili lisivutwe. Kwa mkono wa pili, bana kikonyo cha shuke kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, pale kinapoungana na tawi, kisha kata kwa kucha huku ukikizungusha kidogo kuelekea chini. Shuke zima linatoka na kikonyo chake.

Makosa mawili yanarudiwa kila msimu. La kwanza ni kuvuta. Ukivuta, tawi la pembeni linakatika kwenye fundo, na mashuke ya mwaka ujao yanatoka kwenye machipukizi ya matawi hayohayo. Umechuma mavuno ya mwaka huu na ya mwaka kesho kwa mkono mmoja. La pili ni kupukuchua punje shuke likiwa bado kwenye mmea, mkono ukishuka kutoka juu hadi chini. Kazi inaonekana ya haraka, ila punje zinachubuka, nyingine zinamwagika kwenye majani ya chini, na zilizochubuka zinaanza kuota ukungu kabla hazijafika kwenye jamvi.

Anza kuchuma umande ukishakauka, kwa kawaida kuanzia saa tatu asubuhi. Shuke lenye maji likikaa ndani ya tenga hadi jioni linapata joto kama mboji.

Naweza kutumia upembo kama tunavyofanya kwenye karafuu?

Upembo, ule mti mrefu wenye ndoano, hapana, isipokuwa kwa kusogeza tawi la mti wa egemeo linalokuzuia. Tawi la mkarafuu ni la mti. Tawi la mpilipili lina mafundo yanayovunjika kama kijiti kikavu. Upembo ukilishika unalikata, au unabandua kipande kizima cha mmea kwenye shina.

Kikapu gani ni kizuri?

Kikapu cha ukili, chenye ujazo wa kilo 4 hadi 5 za mashuke mabichi, kilichofungwa kiunoni kwa kanga au kutundikwa kwenye kipandio kwa kulabu ya mti. Kikubwa zaidi kinakuvuta ukiwa juu ya ngazi. Cha ukili kinapumua, na hakiumizi punje. Pakacha la makuti ni rahisi na linapatikana, lakini lina mianya, na makuti yake makavu yanachanganyika na pilipili. Kama huna kingine, tandika kitambaa safi ndani.

Ndoo ya plastiki inafaa kwa saa moja mbili tu. Kiroba cha nailoni kisitumike kabisa kubebea mashuke mabichi, na hasa kiroba kilichokuwa na mbolea au dawa. Kutoka kwenye kikapu, mimina kwenye tenga lililowekwa kivulini. Tenga la fito lenye nafasi linapitisha hewa, na mashuke yanafika nyumbani yakiwa baridi.

Shamba moja lichumwe mara ngapi?

Mara 3 hadi 5, ukipishanisha wiki 1 hadi 2. Mashuke ya mmea mmoja hayakomai siku moja. Mkulima anayechuma mara moja tu anachanganya yaliyoiva, yaliyokomaa na machanga, na mchanganyiko huo haukauki sawasawa. Ni kweli gharama ya vibarua inaongezeka. Njia ya kuipunguza ni kugawa shamba vipande na kuzunguka, kipande kimoja kwa siku, badala ya kuita watu wengi kwa siku moja.

Wachumaji walipwe kwa kilo au kwa siku?

Malipo ya kilo ya mashuke mabichi yanamfanya mchumaji achukue kila kinachoning'inia, kichanga na kikubwa, na avute. Malipo ya siku yanahitaji msimamizi. Tunaona bora ulipe kwa kilo, lakini upime baada ya kumwaga mashuke kwenye jamvi na kutoa machanga, na mchumaji ajue hivyo tangu asubuhi. Machanga yaliyotolewa hayahesabiwi. Siku mbili zinatosha watu kuelewa.

Punje zilizoanguka chini je?

Tandika jamvi au turubai chini ya kila mti kabla ya kupanda. Zilizoanguka juu ya jamvi wakati wa kuchuma ni safi, changanya na nyingine. Zilizookotwa kwenye udongo ziweke peke yake, zioshwe, zikaushwe peke yake, na ziuzwe peke yake au zitumike nyumbani. Zina vijidudu na mara nyingi zimeshaanza kuota ukungu kwa ndani. Kilo 2 za kuokota zinaweza kuharibu gunia zima.

Mashuke yakishafika nyumbani, nayapukuchua siku hiyohiyo?

Unaweza, lakini yatakusumbua. Desturi ni kuyalundika kwenye jamvi safi, kuyafunika kwa jamvi jingine, na kuyaacha usiku mmoja, saa 12 hadi 24. Vikonyo vinalegea na punje zinatoka kwa urahisi. Lundo lisizidi kimo cha goti. Ukiingiza mkono katikati na kukuta joto kali, litawanye mara moja. Lundo likikaa siku mbili au tatu, ukungu unaanza, na harufu ya uvundo haitoki tena.

Kupukuchua kwa miguu ni njia ya zamani inayofanya kazi, kwa sharti miguu ioshwe kwa sabuni na watu wakanyage kwa kuzungusha unyayo, si kuruka. Njia safi zaidi ni kusugua mashuke kwa viganja juu ya wavu uliokazwa kwenye fremu ya mbao: punje zinapita, vikonyo vinabaki. Kupiga kwa fimbo kunapasua punje. Kama kikundi chenu kina mashine ya kupukuchulia, itumieni, na mhakikishe imeoshwa kabla ya msimu.

Kuchovya kwenye maji ya moto ni lazima?

Si lazima, ila tunashauri sana, hasa kwa kuwa jua letu ni la kubahatisha. Maji yanayochemka yanapasua chembe za ganda, na kimeng'enya kilicho ndani yake kinaanza kazi ya kuigeuza punje kuwa nyeusi. Punje zinakuwa nyeusi kwa rangi moja, zinakauka haraka zaidi, na vumbi na vijidudu vya juu vinapungua.

Tumia sufuria yenye maji safi lita 20 yanayochemka kweli. Weka punje kilo 3 au 4 kwenye kikapu chenye matundu au mfuko wa wavu, zamisha kwa dakika 1, toa, acha zichuruzike, anika papo hapo. Ukiweka kilo nyingi kwa mara moja maji yanaacha kuchemka na punje zinapikika badala ya kushtuka. Ukizidisha dakika, kimeng'enya chenyewe kinakufa, punje zinabaki za hudhurungi iliyopauka, na mafuta yenye harufu yanapotea. Maji yakiwa meusi mazito, badilisha.

Nianike wapi, na kwa siku ngapi?

Kwenye kichanja kilichoinuliwa mita 1 kutoka ardhini, chenye wavu na jamvi safi juu yake. Tabaka la punje lisizidi sentimita 2 hadi 3, na ligeuzwe kila saa kwa reki ya mti au kwa mkono. Kwa jua zuri, punje zilizochovywa zinakauka kwa siku 3 hadi 4, zisizochovywa siku 5 hadi 7. Jioni kabla ya umande, kusanya, ingiza ndani, funika. Punje iliyokauka nusu ikinyeshewa inavimba, inapauka, na inaota ukungu.

Kuanika kando ya barabara kunaleta vumbi, moshi wa magari na mchanga. Kuanika chini uani kunaleta kuku na mbuzi, na kinyesi chao kina vijidudu ambavyo maabara ya mnunuzi wa nje inavitafuta kwanza.

Mvua za vuli zimenikuta. Bibi alikuwa anakaushia darini juu ya meko. Nifanye hivyo?

Kwa pilipili ya kupika nyumbani, bibi hakukosea, iliokoa mavuno. Kwa kuuza, hapana. Moshi unaingia kwenye ganda na hautoki, na mnunuzi ataunusa akifungua gunia. Tengeneza banda la nailoni angavu: fito zilizopindwa, nailoni juu, pande zote mbili wazi kwa hewa, kichanja ndani. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, tandaza tabaka jembamba la sentimita 1 ndani ya nyumba yenye hewa na ugeuze mara kwa mara. Na kama mawingu yamejaa na mashuke bado hayajaiva kupita kiasi, subiri. Shuke lililokomaa linavumilia siku kadhaa kwenye mmea kuliko kwenye lundo.

Nitajuaje imekauka ya kutosha?

Unyevu unaotakiwa ni asilimia 12 au chini. Bila kipimo, chukua punje 10 kutoka sehemu mbalimbali za jamvi na uziume: iliyokauka inapasuka kwa mlio na kuwa vipande, isiyokauka inabonyea. Zikipasuka 10 kati ya 10, bado acha zipoe kivulini kabla ya kufunga. Ukizifunga zikiwa na joto la jua, jasho linajikusanya ndani ya gunia.

Kupeta na kupima ubora nyumbani

Peta kwa ungo kuondoa vikonyo, majani na punje tupu, kisha chekecha kwa tundu la milimita 3 kuangusha vumbi na punje changa ndogo. Halafu chukua chombo cha lita 1, kijaze bila kushindilia, upime. Pilipili iliyokomaa na kukaushwa vizuri inakuwa na gramu 500 hadi 550 kwa lita, au zaidi. Ukipata 400, kosa limefanyika shambani, si kwenye jamvi.

Jaribio la pili ni glasi ya maji. Punje nzito zinazama, nyepesi zinaelea. Mbegu kavu za papai, ambazo walaghai huchanganya kwenye pilipili, nazo zinaelea, kwa hiyo zinazoelea zipasue uone ndani.

Pilipili nyeupe inatokana na mmea mwingine?

Ni mmea uleule. Mashuke yanaachwa hadi punje nyingi ziwe nyekundu, yanapukuchuliwa, yanatiwa kwenye gunia na kuzamishwa kwenye maji yanayotiririka pole pole kwa siku 7 hadi 10. Ganda linaoza, linasuguliwa kwa mkono, kokwa linaoshwa na kukaushwa. Kilo 100 za punje zilizoiva zinatoa karibu kilo 25 za nyeupe, wakati nyeusi ingekuwa 33. Maji yakisimama bila kubadilishwa kila siku, kokwa linanuka na harufu hiyo haifukuziki. Kama huna kijito safi na mnunuzi uliyekwisha kukubaliana naye bei, baki na nyeusi.

Kuna kitu cha kuogopa shambani zaidi ya kuanguka?

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa kwenye majani, wamejenga kwenye mifenesi mingi. Angalia viota kabla ya kupanda, na paka majivu kwenye miguu ya ngazi na mikono. Gonga shina kwa fimbo, nyoka wa mitini asogee. Usijifute macho kwa mkono uliosaga punje.

Jingine ni ugonjwa wa kuoza shina. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo wenye maji na vinasafiri na matope ya viatu na ya miguu ya ngazi. Chuma mashamba yenye afya kwanza, lenye mimea inayonyauka liwe la mwisho, na uoshe ngazi na viatu ukitoka humo. Siku ya mvua kubwa usiingie kabisa.

Vifaa hivi vinafaa kwa zambarau na kunazi za huku pwani?

Ngazi na turubai, ndiyo. Zambarau huchumwa kwa kutandika turubai na kutikisa tawi moja moja, kwa sababu tunda lililoiva linaachia lenyewe. Pakacha lililotandikwa majani ya mgomba ni zuri kwake, lakini matunda yasirundikwe kina kirefu, maana yanapasuka na kuchacha siku hiyohiyo. Kunazi ina miiba, hivyo upembo mrefu ni bora kuliko ngazi.

Nihifadhi vipi hadi bei ipande?

Gunia safi la katani lenye mfuko wa ndani, juu ya chaga sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Usiliweke chumba kimoja na mafuta ya taa, dawa za shamba, samaki wakavu au vitunguu. Andika kwenye kila gunia tarehe ya kuchuma na kipande cha shamba. Fungua kila baada ya wiki 2, ingiza mkono hadi katikati. Ukihisi joto au unyevu, toa yote uianike upya siku hiyo. Ngazi nayo ifunguliwe kamba za juu, ilazwe kwa ubavu chini ya paa kwenye magogo mawili, na mwanzo wa msimu ujao ipimwe kwa kusimama kwenye kila kipandio kuanzia cha chini, kabla mtu hajaipeleka shambani.